Eli Hop za mfululizo: nikifika ya nne yoyo imeshageuka

uzi_wa_njano
Wakuu, naomba msaada kwenye Eli Hop za mfululizo, ule mchezo wa kuirusha yoyo juu kutoka kwenye uzi na kuipokea tena kwenye uzi huo huo. Trapezi (kuitua yoyo kwenye uzi uliotandwa kati ya mikono miwili) sikosei, na kuruka moja hadi usawa wa kifua napata. Nikianza kuunganisha ndipo mambo yanaharibika. Ya tatu au ya nne yoyo imeshageuza uso, uzi unagonga ukingo badala ya kuingia kwenye mwanya ulio kati ya pande mbili za yoyo. Nikiirusha kupita kichwa, inakatwa ghafla huko juu na kunirudia kidoleni. Na kuna zile zinazotua vizuri kabisa, halafu inajikunja yenyewe na kunigonga vidole. Natumia mkono wa kulia. Yoyo ni ya alumini, gramu 66, upana milimita 44, beringi saizi C, uzi wa poliyesta unaofika kitovuni. Pedi, vile viduara vya silikoni ndani ya mwanya vinavyodaka uzi, nimebadilisha juzi. Tatizo ni mikono au vifaa?

mwanya44
Hayo ni matatizo matatu, na kila moja lina dawa yake.

La kukatwa juu ni hesabu ya uzi tu. Tuseme uzi wako ni sentimita 100. Yoyo ikiwa hewani, uzi unatoka mkono wa kulia, unapita juu ya kidole cha shahada cha kushoto, ndipo unapanda kwenye yoyo. Mikono ikibaki imeachana sentimita 50, yoyo ina 50 tu za kupandia. Zikiisha, inagota. Kwa hiyo ukishaitenganisha mikono ili kuirusha, ule wa kulia urudi hapo hapo kwa mwenzake, uiachie yoyo uzi. Wengi wanaganda na mikono wazi kama wanapima kitambaa. Yoyo inaposhuka, mkono wa kulia unaondoka tena taratibu, unameza uzi unaolegea.

Kugeuka ndiko kwenye kazi. Kitu kinachozunguka kasi hakiendi kule unakokisukuma. Uzi ukiisukuma yoyo ubavuni kwa chini, hailali upande, inageuka kama mlango kwenye bawaba. Ukiisukuma ubavu huo huo kwenye ukingo ulioelekea mkono mmojawapo, hapo ndipo inalala. Yako inageuka, maana yake uzi unaibeba ukiwa umekaa mshazari: ngumi moja iko karibu na kifua kuliko nyingine. Mara nyingi ni ya kulia, kwa sababu kiwiko hurudi nyuma chenyewe unapovuta. Weka simu upande wako wa kulia, usawa wa kifua, ujirekodi. Kwenye picha ngumi ya kulia inatakiwa kuifunika ya kushoto mwanzo hadi mwisho. Ukiiona ya kushoto inachungulia, umempata mchawi.

Halafu utue karibu na kidole cha shahada, upana wa vidole viwili hivi, si katikati ya uzi. Pale kidoleni uzi ulioibeba yoyo na uzi utakaoipokea vinakutana, hivyo hata ukikosea kidogo mwanya unaingia wenyewe. Ukienda katikati, kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa la uzi. Elekeza ncha ya kidole kwenye mwanya na uufuate inaposhuka.

pedi_kavu
Hilo la kujikunja ni pedi mpya hizo, pamoja na uzi uliolegea. Wakati wa kutua kuna nyuzi mbili ndani ya mwanya. Mmoja ukiwa umelegea, unajikunja, pedi zinaudaka, umeshabaindi bila kukusudia, yaani yoyo imekunja uzi na kurudi mkononi. Pedi za silikoni zikiwa mpya huwa zinanata na zimetokeza kidogo. Irushe na kuibaindi makusudi mara hamsini au mia hadi zilainike, au kwa siku hizi mbili tatu tumia uzi mwembamba zaidi.

Angalia na beringi. Tone moja la mafuta mepesi linatosha. Ukimwaga, yoyo inaanza kurudi ovyo. Ikishajaa, toa vifuniko vyake, uioshe kwa asetoni, uikaushe vizuri. Na ukikosa ya kubadilisha, ulizia beringi ya namba R188 kwenye maduka ya beringi, ni kipimo kile kile cha saizi C: milimita 6.35 kwa 12.7 kwa 4.76. Kagua upana kabla ya kulipa, kwa sababu zisizo na vifuniko huwa nyembamba, milimita 3.175, na hizo hazikufai.

Msokoto nao. Uzi uliosokotwa kupita kiasi ukilegea tu unajifunga kitanzi hewani. Toa kitanzi kidoleni, shika ncha, iachie yoyo ining'inie hadi uzi uache kujizungusha.

uzi_wa_njano
Asanteni. Nimejirekodi: ngumi ya kulia inarudi kifuani kama sentimita kumi, kila mara. Nimeirekebisha, sasa nafika saba. Ila zile ndefu zinapotelea kulia, nazifukuza.

mwanya44
Mkono wa kushoto uko juu kuliko wa kulia. Yoyo inaruka kwa pembe mraba na uzi uliokazwa: kushoto kukiwa juu inaenda kulia, kulia kukiwa juu inaenda kushoto. Sawazisha ngumi kabla ya kuvuta. Na usivute kwa nguvu, vuta ghafla na kwa kifupi.

kidole_cha_shahada
Niongeze la mdundo, maana saba hadi ishirini tofauti yake iko hapo. Usiipokee kwa uzi uliokazwa na mikono iliyoganda. Ikigusa uzi, mikono ishuke nayo sentimita nane au kumi huku ikikaribiana. Kule chini kabisa ndiko mruko unaofuata unakoanzia. Ukisimama hapo hata kidogo, yoyo inaanza kubembea na unairusha ikiwa pembeni.

Fanya fupi kwanza, za sentimita kumi na tano kila moja, mara ishirini mfululizo, uso wa yoyo ukiwa haujageuka. Ndipo upandishe hadi usawa wa macho.

Ikianza kugeuka katikati ya mfululizo usiilazimishe kwa uzi, utaikwangua ubavu na kuua mzunguko. Sogeza miguu, ugeuke nayo wewe.