Duveti linafuliwa kila baada ya muda gani? Naomba ushauri

Habari zenu wadau. Niko Kabale, Uganda, na wanaopajua wanajua baridi yake: huku bila duveti usiku hakulaliki. Shuka na foronya nafua kila Jumamosi, hilo halina mjadala. Shida ni duveti. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Mombasa, akalinusa tu, akaniuliza, "Mwanangu, hili limeona maji lini mara ya mwisho?" Nilitamani ardhi inimeze, maana ni tangu Januari.

Kusema kweli naliogopa. Siku ile nililitumbukiza kwenye beseni, likanywa maji likawa zito kama ndama, tukalikamua wawili na mume wangu. Likakaa kambani siku tatu, mawingu tu juu. Lilipokauka, pamba yote imejikusanya mabonge pembeni, katikati pamebaki kitambaa kitupu. Uvundo ndiyo usiseme.

Sasa mwanangu wa miaka 5 anaamka akipiga chafya mfululizo. Najua wale wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho hupenda matandiko, na maji ya moto wa nyuzi 60 huwaua. Lakini kuni za kuchemsha maji yote hayo nizitoe wapi?

Nyie mnafua kila baada ya miezi mingapi? Lile gamba la kulivalisha duveti linasaidia kweli, au ni urembo tu? Na mvua hizi, mnakaushaje? Dobi wa hapa anataka shilingi 20,000, nimemwambia nitarudi.