Mdogo wangu anatakiwa na kocha Marekani: aanze chuo hapa kwanza au asubiri?

Babu Nyika (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima zenu. Mdogo wangu ni mkimbiaji wa mita 5000, alifanya KCSE Novemba 2024. Kocha wa chuo cha Divisheni ya Kwanza Marekani anamtaka. Naomba mwongozo kwa mambo matatu. Amepata nafasi chuo kikuu hapa nyumbani, je, aanze kusoma huku akisubiri viza? Wakala anadai asilimia 20 ya ufadhili, ni halali? Na fedha alizoshinda mbio za barabarani zitamharibia?

Kipenga
Swali la kwanza ndilo lenye hatari. Asijiandikishe. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kwa kanuni za 2024-25 inampa mwanariadha wa Divisheni ya Kwanza, ngazi yake ya juu, misimu 4 ndani ya miaka 5, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa anapokuwa mwanafunzi wa muda wote katika chuo chochote duniani, hata kisicho na uwanja. Muhula mmoja tu hapa nyumbani, saa imeshaanza. Tena atahesabiwa mwanafunzi wa kuhamia, na hao wana masharti yao.

Kukaa tu nako kuna mtego. Kwa kitabu cha kanuni cha 2024-25, akishamaliza sekondari ana mwaka 1 wa kuingia chuo. Ukipita, kila mwaka atakaoshiriki mashindano rasmi unamlia msimu 1, na akifika atasoma mwaka mzima bila kushindana. Usidhani "rasmi" ni ya taifa peke yake. Mbio zilizotangazwa mapema, zenye mshika saa au mdhamini, zinatosha. Lengeni Agosti 2025. Akichelewa, abaki na mazoezi, asivae namba kifuani.

Dada wa Masjala
Fungueni akaunti kwenye kituo cha NCAA cha kuhakiki sifa sasa hivi. Kwa wanaotoka nje ya Marekani ada inazidi dola 150. Wanataka rekodi za masomo kuanzia mwaka wa tisa, yaani Form One kwa 8-4-4, pamoja na matokeo ya KCSE. Kinachokwamisha wengi ni zile ripoti za shule: hazina muhuri, ya Form Three imepotea, au jina la katikati liko kwenye ripoti lakini halimo kwenye pasipoti. Mrudi shuleni mkachukue nakala zilizopigwa muhuri kabla mwalimu mkuu hajahamishwa.

Wanapima masomo ya msingi 16: Kiingereza, hisabati, sayansi, masomo ya jamii na mengine machache. Ya ufundi na mazoezi ya viungo hayahesabiwi. Wastani unaotakiwa ni 2.3 kati ya 4 kwa Divisheni ya Kwanza, 2.2 kwa ya Pili. NCAA iliacha kudai SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, mwaka 2023, ila chuo chenyewe kinaweza kuitaka.

Kuhusu zawadi: kuna dodoso la ridhaa, yaani la kuthibitisha kuwa si mchezaji wa kulipwa, linauliza mashindano, fedha na mawakala. Andikeni kila mbio, tarehe, kiasi alichopewa, nauli na malazi aliyolipa. Msifiche. Matokeo ya mbio yako mtandaoni, na uongo unaua kesi ambayo pengine ingepita.

Kipenga
Huyo wakala mkimbieni. Ada ya huduma iliyopangwa mapema si tatizo, lakini malipo yanayotegemea mchezaji apate ufadhili yanakatazwa. Akiwaletea habari za "barua ya kitaifa ya kusaini", ile iliyokuwa ikimfunga mchezaji na chuo, ndiyo mjue hajui kazi, ilifutwa Oktoba 2024. Kinachosainiwa sasa ni mkataba wa ufadhili wa chuo chenyewe. Usomeni mstari kwa mstari: karo, malazi, chakula, vitabu. Pengo lolote, fomu I-20, ile ya chuo ya kuombea viza, itawadai mwonyeshe fedha za kuliziba.

Babu Nyika
Nimekuelewa, mkuu. Kocha anasema dogo "atahesabika michezo mitatu". Ananitania?

Mshika Saa
Hatanii. Chuo cha Divisheni ya Kwanza lazima kiendeshe michezo isiyopungua 14, na vyenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya ngazi ya juu 16. Mbio za nyika, riadha ya ndani na riadha ya nje zinahesabiwa mbalimbali, kwa hiyo mkimbiaji mmoja wa masafa marefu anajaza timu tatu. Ndiyo maana wanawafuata wakimbiaji mpaka Iten, Kenya.

Hakikisheni tu chuo chenyewe kina timu zote tatu za wanaume. Vanderbilt, kwa mfano, wanaume wana mbio za nyika bila riadha ya uwanjani. Tazameni na konferensi, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja, maana si kila konferensi huendesha kila mchezo. SEC, konferensi ya Vanderbilt, haina soka ya wanaume, ndiyo maana Kentucky na South Carolina wanacheza soka katika konferensi nyingine, Sun Belt.

Muulizeni pia nafasi kwenye orodha. Kuanzia 2025-26, vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya kesi ya House, ile ya malipo kwa wanamichezo wa vyuo, vina kikomo cha wakimbiaji 17 wa nyika na wanariadha 45 wa uwanjani kwa kila jinsia.

Dada wa Masjala
Akishafika, asishuke chini ya krediti 12 kwa muhula. Akiacha somo moja katikati akabaki na 9, anapoteza ruhusa ya kushindana na viza ya F-1, ya mwanafunzi, inaingia matatani. Somo la mtandaoni linalohesabika kwa F-1 ni moja tu kwa muhula. Na asisaini tangazo la viatu kabla ya kupita ofisi ya wanafunzi wa kigeni, hata kama mwenzake wa chumba, Mmarekani, amesaini.

Babu Nyika
Kesho asubuhi naenda shuleni kufuata ripoti ya Form Three.