Skopu ya mm 65 kwenda mm 85 au 95 kwa ndege wa mbali: nichukue ipi?

Chozi_Watamu: Hamjambo wapenzi wa ndege. Nina skopu, darubini ya jicho moja ya kutazamia ndege, yenye kioo cha mbele cha mm 65, nataka kupanda hadi 85 au 95. Maji yakipwa pale hori la Mida, karibu na Watamu, ndege wanakwenda mbali kabisa, naona vivuli tu. Nataka niwe nayo kabla ndege wageni wa kutoka kaskazini hawajarudi Septemba. Ipi nzuri?

Mama_Heroe: Bajeti? Unavaa miwani? Unabeba begani au una gari? Na stendi yako ni ya aina gani? Bila hayo tutabahatisha.

Mzee_Sabaki: Chukua Kowa ya mm 88, usisumbuke na nyingine. Kioo chake ni cha floraiti, fuwele inayopunguza rangi za uongo pembeni mwa picha. Ukimtazama membe dhidi ya anga huoni ule ukingo wa zambarau.

Mama_Heroe: Mzee wangu, kwa heshima, mimi nasema Swarovski. Unabadilisha lenzi ya mbele, 65, 85, 95 hata 115, na ile ya jicho inabaki ileile.

Mkoko_Mwekundu: Na ile ya 95 ina kilo mbili na ushee kabla hujaweka stendi. Tupige hesabu. Kutoka 65 hadi 85 mwanga unaongezeka kwa asilimia 71, kwa sababu kinachohesabiwa ni eneo la kioo. Alfajiri utaiona tofauti hiyo. Lakini ikifika saa nne asubuhi tope limepata moto, hewa inacheza, na skopu kubwa inakuza mazigazi pamoja na ndege. Mimi muda huo sikuzi kupita mara 30, hata niwe na skopu gani.

Msafiri_Nakuru: Anzia stendi, ndugu yangu. Nilinunua mm 80 ya mkono wa pili kwa muuzaji wa mtandaoni, picha safi, bei nzuri. Nikaifunga juu ya stendi yangu nyepesi ya kamera, nikaenda nayo mlango wa mto Sabaki, kusi imekaza. Nikikuza kupita mara 40 picha inatetemeka, simtofautishi chamchanga huyu na yule. Nikainama kuchukua daftari, upepo ukaibwaga. Haikuangukia mchanga, iliangukia gogo, kioo cha mbele kikapasuka. Fundi alipoifungua akanionyesha kuvu imetanda ndani, ya siku nyingi. Kumbe niliuziwa mgonjwa. Muuzaji hakupokea simu tena. Mwaka mzima nilikuwa nimeweka akiba ile, na bado inaniuma.

Chozi_Watamu: Pole sana kaka. Bajeti ni laki moja u nusu. Miwani navaa. Nashuka kwa bodaboda halafu natembea. Shida yangu kubwa ni kuwatofautisha wale ndege wawili wa mchangani wanaofanana, mwenye mdomo mfupi na mwenye mdomo mrefu.

Mama_Heroe: Laki moja u nusu haifiki hata nusu ya Kowa 88 mpya na lenzi yake ya jicho.

Mzee_Sabaki: Basi angoje, aongeze. Halafu huyo wa mdomo mfupi siku hizi wataalamu wamemgawa kuwa spishi mbili. Wetu wa pwani anaitwa wa Tibet.

Mkoko_Mwekundu: Na kwa Kiswahili tumwiteje? Wavuvi wa Dabaso, kijiji cha hapo Mida, niliowauliza wote wanamwita kitwitwi, na kila ndege mdogo wa ufukweni kwao ni kitwitwi.

Mzee_Sabaki: Wavuvi wanamjua kwa sauti na mwendo. Usiwadharau.

Mkoko_Mwekundu: Siwadharau, mzee. Natafuta jina la kuandika daftarini.

Bi_Mtepe: Chozi, umejaribu kuufuata mwezi? Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa Mida mnamo saa kumi alasiri. Fika saa nane, pita daraja la kamba, ukae kwenye kibanda cha kutazamia ndege utulie. Maji yanawasukuma ndege kuja kwako, na mm 65 inatosha kuhesabu pete wanazovishwa na watafiti miguuni.

Chozi_Watamu: Huwa nakwenda asubuhi tu, kwa sababu ya kazi. Bamvua ijayo ni lini?

Bi_Mtepe: Mwezi mpevu ni Jumamosi. Mimi nitakuwepo, na skopu yangu ni ya 85. Njoo na yako tuziweke sambamba.

Mzee_Sabaki: Nami naleta Kowa.