Keria, jeki na shekeli za mtumba zenye kutu: grinda, asidi ya ndimu, umeme au kupiga mchanga?

Mwambao4x4 (Malindi)
Salaam nyote. Nina keria ya paa la gari, ya chuma, ya paipu za inchi moja, ukizijumlisha kama mita 30, jeki ndefu ya Hi-Lift na shekeli mbili (zile pingu za chuma zenye pini, za kufungia kamba ya kuvutia gari). Vyote ni mtumba na vyote vina kutu. Gari ni Land Cruiser ya zamani, safari zake ni Marafa na mara mojamoja lango la Sala la Tsavo Mashariki. Bajeti ni shilingi 7,000 pamoja na rangi, kazi nafanya mwenyewe. Nalinganisha grinda na brashi ya waya, kuloweka kwenye asidi ya ndimu, umeme wa chaja ya betri, na kupiga mchanga kwa kompresa. Ipi itavuka kusi bila kutu kurudi?

FundiNgomeni
Kabla ya kuchagua njia, gonga. Nyundo ndogo, kila shubiri, hasa upande wa chini na karibu na mishono ya kuchomelea. Penye chuma kizima hulia, penye kuoza hutoa sauti ya ndoo iliyojaa. Hapo sukumiza bisibisi. Ikipenya, hakuna dawa: kata, chomelea kipande kipya. Keria huoza kutoka ndani, maji yakipita kwenye ufa wa mshono yakakosa pa kutokea. Ile barabara ya matuta ya kwenda Sala ndiyo inayofungua nyufa hizo, kwa hiyo kagua kila mguu unaoshika mfereji wa paa.

Grinda ni ya haraka, lakini brashi ya kikombe ina ulaghai wake. Husugua kutu mpaka ing'ae. Ukitazama kwa mbali unaona chuma, ukisogeza jicho unaona vishimo vya kahawia vilivyopakwa polishi. Anza na tindo kuangusha magamba, kisha diski ya msasa namba 80 kwenye bapa, brashi ibaki ya maungio tu. Vaa ngao ya uso, kwani nyaya za brashi huchomoka na kuruka kama sindano.

Jua_La_Mtwapa
Kwani kompresa hazikodishwi? Mchanga mnao bure ufukweni.

BiChuma
Ndugu yangu, huo usiuguse. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na kuupiga kwa shinikizo ni kuikandamiza chumvi ndani ya vishimo unavyotaka kuvisafisha. Pili, vumbi la mchanga likivutwa huharibu mapafu yasipone, kitambaa cha puani hakilizuii. Anayepiga kwa chembechembe maalumu za kazi hiyo na kinga kamili, sawa, na kwa keria ndiyo njia bora kuliko zote. Lakini kwa 7,000 utabaki bila ya rangi.

Asidi ya ndimu, ule unga mweupe wa kutilia achari na jemu, ni ya vitu vidogo vinavyoingia kwenye ndoo. Gramu 600 kwa lita 10 za maji. Osha mafuta kwanza kwa sabuni, la sivyo asidi haishiki. Loweka, toa kila baada ya saa mbili usugue kwa brashi, rudisha. Saa nne hadi kumi na mbili zinatosha. Utando mweusi utakaobaki si kutu, hutoka kwa kusugua. Ukisahau siku tatu, asidi ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Ukitoa, chovya kwenye maji yenye vijiko viwili vya bikaboneti (soda ya kuokea), suuza, kausha papo hapo.

Tafadhali, springi na pini za jeki zisiingie humo, wala shekeli. Chuma kigumu kikikaa kwenye asidi hufyonza haidrojeni kikawa kikavu kama biskuti, kisha hukatika ghafla kikiwa na mzigo. Vitu hivyo visafishe kwa brashi na mafuta ya taa tu. Springi ikiwa na vishimo, nunua mpya.

Mokowe_Gari (Lamu bara)
Umeme nao una ubora wake: hautafuni chuma kizima, ukisahau usiku kucha hakuna hasara. Pipa la plastiki, maji, soda ya kufulia kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4. Hasi ya chaja kwenye kitu chako, chanya kwenye vyuma chakavu ulivyovipanga kukizunguka. Ukigeuza nyaya, kitu chako ndicho kitakacholiwa. Kutu hutoka upande unaotazamana na chakavu, ndiyo maana lazima vizunguke pande zote. Usitumie chuma kisichoshika kutu kwenye chanya, hutoa sumu ndani ya maji. Fanya uwanjani na usiwashe sigara, ule mpovu ni haidrojeni. Chaja mpya za kisasa haziwaki zisipoona betri, basi unganisha betri sambamba nayo. Springi na shekeli zisiingie humu pia, kwa sababu ileile aliyoisema Bi.

Angalizo: magadi ya kuchemshia maharage yasitumike. Yamechanganyika na chumvi ya kawaida, na chumvi kwenye umeme hutoa klorini.

Mwambao4x4
Ahsanteni. Kwa hiyo keria nifanye kwa grinda na msasa, vipande vidogo vya jeki ndoo ya asidi, bila springi na pini. Na rangi je?

FundiNgomeni
Taratibu, kaka, hujafika kwenye rangi. Hapa kwetu kinachorudisha kutu ni chumvi iliyojificha kwenye vishimo. Ukimaliza msasa, osha keria nzima kwa maji baridi na brashi ya nailoni. Maji ya bomba au ya mvua, si ya kisima, visima vingi vya huku vina chumvi. Iache usiku mmoja nje, umande uipate. Asubuhi tazama kwa karibu: penye chumvi patakuwa na vidoti vya rangi ya chai, hata kama jana palikuwa peupe. Piga msasa hapo, osha tena, iache usiku mwingine. Huwa raundi mbili au tatu. Vidoti visipotokea tena, pitisha msasa mwepesi, futa kwa tina, paka rangi siku hiyohiyo.

Paipu ya inchi moja, mita 30, ni kama mita 2.4 za mraba. Lita moja ya praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza, inatosha kupaka mara mbili na kubaki. Paka kwa brashi, kwani spre kwenye paipu nyembamba nusu yake inaondoka na upepo. Anza na mishono na kona peke yake, kisha ndipo upake kote. Fanya kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, usipake kukiwa na upepo kutoka baharini. Rangi ya juu lazima, epoksi ikipigwa na jua hugeuka unga.

Mokowe_Gari
Baada ya rangi, toboa tundu la milimita 6 upande wa chini wa kila paipu iliyozibwa, mbali na mishono na mbali na katikati ya paipu. Paka rangi mdomo wa tundu, kisha mimina sifa (mafuta ya papa) ndani, inamisha huku na huku, iache ichuruzike. Ni mafuta yaleyale yanayopakwa vyombo vya baharini. Kabla ya rangi usiyalete karibu, yakigusa chuma rangi haishiki. Harufu utaizoea, abiria sijui.

BiChuma
Na jeki: mlingoti wenye matundu usiupake rangi hata kidogo. Rangi ikijaa tundu, pini haikai sawa. Mafuta mepesi tu. Shekeli, pima pini kwenye sehemu iliyolika. Ikipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya unene wake, au kama haina maandishi ya uzito wa kazi, haivuti gari.

Mwambao4x4
Moja haina maandishi.

BiChuma
Basi hiyo mpe mtu wa mtumbwi afungie kamba.