Mashimo ya mchanga yaliyojaa maji: tupandikize samaki, na kama ni ndiyo, samaki gani?

Mleta mada, Kaskazini Unguja

Assalaam alaykum. Naomba tujadiliane kwa utulivu jambo ambalo litaamuliwa katika shehia yetu siku chache zijazo. Nyuma ya kijiji chetu kuna shimo lililoachwa na wachimba mchanga. Malori yaliondoka mchanga ulipokwisha na udongo mgumu kuanza kuonekana, na baada ya masika mawili shimo likawa ziwa dogo ambalo halikauki hata wakati wa kaskazi. Ukisimama ukingoni asubuhi unaona maji ya kijani, kereng'ende wengi, na yangeyange mmoja ambaye hutua kila siku juu ya gurudumu bovu la lori lililozama nusu. Upande wa kusini watoto wamejichongea vidato kwenye ukuta wa mchanga ili washuke kuogelea, na ukuta ule humeguka.

Kamati ya vijana inataka kupandikiza sato. Mmoja wao alituletea mfano wa jimbo la Minnesota, Marekani, ambako migodi ya chuma ya Cuyuna, karibu na mji wa Crosby, iliachwa, pampu zilizokuwa zikivuta maji zikazimwa, na mashimo yakajaa maji safi, mengine yakiwa na kina cha zaidi ya mita 100. Idara ya maliasili ya jimbo hilo huweka humo samaki aitwaye trauti, na watu hutoka mbali kwenda kuvua. Kijana wetu akauliza: kama wao wameweza, sisi kwa nini tusiweze?

Nimeufikiria mfano huo kwa siku kadhaa, na naona tumeushika mahali pasipostahiki. Trauti mwenyewe hatufai kabisa. Ni samaki wa maji ya baridi, ambaye hutaabika joto likizidi nyuzi 20 na hufa likikaribia 25, na maji yetu hayashuki hapo mwaka mzima. Lililo muhimu katika habari ya Minnesota ni kwamba trauti hazaliani ndani ya shimo. Yeye hutaga kwenye changarawe ya mto unaopita maji ya kasi, na shimo la mgodi halina mto. Kwa hiyo kila samaki aliyemo aliwekwa kwa mkono wa mtu, idadi yake iko kwenye daftari, na wakisita kumweka kwa miaka michache atapungua mpaka atoweke.

Sato ni kinyume cha hayo. Jike huatamia mayai kinywani, huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu, na katika maji ya joto kama yetu huweza kurudia karibu kila mwezi. Bila ya udhibiti, shimo litajaa samaki waliodumaa, urefu wa kidole, ambao hakuna atakayewanunua. Tena tukumbuke kwamba bwawa la kufugia lina mfereji. Ukikosea unalikausha na kuanza upya. Shimo la mchanga halina mfereji, na maji yake ndiyo maji ya ardhini yanayoonekana. Ukishakosea humo, umekosea moja kwa moja.

Msimamo wangu ni kwamba akikubaliwa samaki, awe ni yule asiyeweza kuzaa ndani ya shimo. Naona mwatiko, samaki wa baharini anayestahimili pia maji matamu, anafaa. Karibuni.

Mfugaji, Wete

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nakuheshimu, lakini unawatisha watu. Nimefuga sato na jamaa yake perege kwa miaka kadhaa hapa Pemba, na hilo la kudumaa nalijua kwa macho yangu, maana bwawa langu la kwanza liliharibika hivyo hivyo. Dawa yake ni kufuga madume peke yao, na dawa hiyo haikuanza leo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika kituo cha utafiti cha Malacca, huko Malaya (leo Malaysia), mtaalamu C. F. Hickling alichukua madume ya perege yaliyotoka Zanzibar akayazalisha na majike ya perege waliokuwa wakifugwa huko, wenye asili ya Java, na watoto wakatoka madume watupu. Dunia nzima ya wafugaji ilijifunza kitu kutokana na samaki wa kwetu, halafu sisi wenyewe tukae tunamwogopa?

Pili, tuangalie njaa ya kitoweo. Kusi ikivuma sawasawa, ngalawa na mashua ndogo hazitoki, na fungu la vibua hupanda bei mpaka mtu wa kipato cha chini anarudi nyumbani na mchicha. Shimo halina kusi wala kaskazi. Maji yamekaa bure, vijana wamekaa bure, na mbu wanazaliana. Sato mchanga anakula viluwiluwi vya mbu. Sioni kwa nini tusubiri.

Mhudumu wa afya mstaafu, Mjini

Nitazungumzia kichocho tu, maana ndicho nilichokishughulikia zaidi katika kazi yangu.

Kichocho cha mkojo kimewatesa watu wa Unguja na Pemba kwa vizazi. Mdudu wake hupitia kwa konokono wadogo wa maji matamu, kisha humwingia mtu kupitia ngozi anapokuwa majini. Kwa miaka mingi watoto wamepewa dawa skuli, na katika baadhi ya shehia madimbwi na vijito vilipuliziwa nikolosamidi ili kuua konokono. Kazi hiyo imekishusha kichocho sana, lakini hakijaisha, na hurudi pale tunapolegea.

Sasa nawaomba mlizingatie hili: nikolosamidi inaua samaki vile vile. Shimo likishakuwa na samaki wa kijiji, siku watakapopatikana konokono wenye maambukizo, ni nani atakayekubali lipuliziwe dawa? Wenye samaki watakataa, na mimi sitawashangaa, kwa sababu ni mali yao. Aidha, samaki wanaleta watu majini. Leo wanaoingia ni watoto wachache. Baada ya mavuno ya kwanza wataingia wavuvi wa nyavu, kina mama wenye ndoo, na watoto wote. Kabla ya kifaranga mmoja kumwagwa, konokono wa shimo lile watafutwe na wapimwe. Wakionekana wale wanaobeba kichocho, mjadala wa samaki uahirishwe.

Mwalimu wa bayolojia, Kusini Unguja

Mjadala huu umewasahau samaki waliopo tayari. Kisiwa cha Unguja kina samaki wake mwenyewe ambaye hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani. Wataalamu walimpa jina *Nothobranchius guentheri*, na alielezwa kisayansi mwaka 1893. Ni mdogo, hafiki hata urefu wa kidole cha mtu mzima, na dume lake lina mkia mwekundu. Anaishi kwenye madimbwi ya msimu. Masika yakija anaanguliwa, anakua kwa haraka ya ajabu, anataga mayai kwenye tope, na dimbwi linapokauka anakufa. Mayai yanabaki ndani ya tope kavu yakingoja mvua nyingine. Kwa sababu ya maisha hayo mafupi, samaki wa jamii yake wanafugwa katika maabara za nchi za mbali ili kuchunguza namna mwili unavyozeeka.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu kwenye dimbwi la kando ya njia ya ng'ombe, ambalo mtu angelivuka bila ya kulitazama. Tulitumbukiza chandarua kilichokwisha kazi, tukakitoa na samaki wanne wamelala juu ya matundu yake, wekundu wa mkia ukimeta kama pilipili mbivu. Mwanafunzi mmoja aliyezaliwa hatua mia kutoka pale alisema hajapata kuwaona.

Samaki kama huyu hana ulinzi mbele ya sato au kambale. Najua shimo la maji ya kudumu silo makazi yake. Ninachohofia ni masika, kwa sababu maji ya mashimo yakifurika huteremka mabondeni kwenye mpunga, na madimbwi ya mabondeni ndiyo yake. Mfugaji wa Wete anasema dunia imejifunza kutokana na perege wa Zanzibar, na ni kweli. Lakini perege yupo hata Bara, na huyu yupo Unguja peke yake.

Naomba pia tumkumbuke kunguru wa Bara Hindi. Aliletwa hapa mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe taka za mji, na aliyemleta aliona anafanya jambo jema. Leo anakula vifaranga vyetu vya kuku na mayai ya ndege wa kienyeji, na kila kampeni ya kumpunguza imemwacha akirudi. Kwenye Ziwa Victoria sangara alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, akaleta fedha nyingi za viwanda, na aina za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, kwa mamia zikapotea au zikabaki ukingoni mwa kupotea. Fedha zile sizikatai, ila furu hao hawarudi.

Mchuuzi wa samaki, Darajani

Kaka zangu, mnazungumza kana kwamba samaki akishavuliwa kazi imekwisha. Mimi niliwahi kuletewa perege wa shimoni, wazima kabisa na wenye magamba safi, na wateja wakawarudisha wakilalamika kuwa wananuka tope. Watu wa hapa wamezoea changu na tasi. Mwatiko wanamjua na wanampenda, ingawa ana miba mingi. Akikatwa mikato ya karibu karibu na kukaangwa vizuri, miba haisumbui. Atakayefugwa kwenye maji yaliyosimama na yenye tope jingi, awe sato au mwatiko, awekwe kwenye maji safi siku mbili tatu bila ya kulishwa kabla ya kuuzwa. Bila ya hivyo msimletee mchuuzi.

Mleta mada, Kaskazini Unguja

Nawashukuru nyote. Naomba nijibu kwa kirefu pale penye uzito.

Mfugaji, habari ya Malacca naiheshimu, na umeniongezea elimu. Lakini wewe mwenyewe unajua kwamba kufuga madume peke yao kunategemea kifaranga kilichotoka kwa mzalishaji makini. Ama wawe wamechanganywa mbegu, ama wawe wamelishwa homoni ya kuwafanya madume katika wiki zao za mwanzo, majike wachache hupenya. Bwawani majike watatu ni hasara ndogo, kwa sababu baada ya mavuno unalikausha. Shimoni majike watatu wanatosha kulijaza shimo. Sikatai sato Zanzibar nzima. Wewe endelea naye kwenye bwawa lako lenye mfereji na wavu mlangoni. Shimo lisilo na mlango ndilo ninalozungumzia.

Kuhusu kusi na kitoweo, uko sahihi, na ndiyo sababu sikusema shimo liachwe tupu. Mwatiko huzaa baharini tu. Watoto wake hukusanyika kwenye maji ya pwani na vidimbwi vya mikokoni, na sasa kituo cha Beit-el-Ras kinatotoa vifaranga. Anastahimili maji ya chumvi na maji matamu, anakula mwani mdogo na utando wa chini, na ni samaki wetu wa asili. Akipelekwa bondeni na mafuriko, atakua na kufa humo bila ya kuacha kizazi. Mwalimu, naomba unisahihishe kama hilo halimpunguzii hatari yule samaki wako wa madimbwi. Silifuti kabisa, maana mwatiko naye atanyang'anyana chakula na wenyeji, ila itakuwa ni kwa msimu mmoja, si kwa kizazi na kizazi.

Kuna somo jingine la Minnesota ambalo kijana wetu hakulitaja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, karibu na mji wa Chisholm, kampuni moja ilifuga samaki wa jamii ya trauti kwa vizimba ndani ya mashimo ya mgodi, ikiwamwagia chakula kila siku. Mabaki ya chakula na kinyesi yalizama, hewa ya majini ikapungua, wakazi wakahofia maji yao ya kunywa, na mvutano ukaendelea mpaka ufugaji ule ukasimama katika miaka ya 1990. Jambo hilo linatugusa sisi zaidi kuliko wao. Kisiwa chetu hakina mto mkubwa wala maziwa. Tunakunywa maji ya visima. Kisima cha karibu na shimo letu kiko umbali ambao mtoto hukimbia bila ya kupumzika, na kina cha maji yake hupanda na kushuka pamoja na cha shimo. Tukimwaga samadi ya ng'ombe na pumba ili maji yawe kijani na samaki wanenepe, tunaimwaga kisimani. Kwa hiyo hata mwatiko awekwe kwa uchache, ajitafutie utando mwenyewe, na pasiwe na mbolea wala ulishaji mzito. Mavuno yatakuwa madogo. Napendelea mavuno madogo.

Mzee wetu wa afya, nimelichukua sharti lako kama lilivyo, liwe la kwanza. Sikuwa nimefikiria kwamba samaki wangeweza kutufungia njia ya kutumia dawa, na tangu nimesoma maneno yako nimewazuia wanangu wasishuke kule. Bi Mchuuzi, la kuwasafisha samaki kabla ya kuuza nitaliandika kwenye mapendekezo, kwa idhini yako.

Kikao cha shehia ni Jumamosi baada ya Alasiri. Nitaomba mambo manne yaamuliwe kwa mpangilio huu: konokono wapimwe, maji ya shimo na ya kisima yapimwe chumvi na uchafu, ukuta wa kusini ulazwe uwe mteremko, kwa sababu mtoto akifukiwa hakuna samaki atakayemfidia, na mwisho ndipo tuzungumzie mwatiko. Sato nitampinga, na nitaeleza kwa nini. Mwalimu, kama ratiba yako ya skuli inaruhusu, njoo na chandarua chako. Kati ya shimo na bonde la mpunga kuna dimbwi moja ambalo sijawahi kulitazama kwa makini, na ningependa tulitazame pamoja kabla ya kikao.