Wauza magemu mnaotuambia "hii inaondoa king'amuzi", tuheshimiane

Wakuu, salaam. Sizunguki. Kuna maneno ambayo wauza magemu wa hapa Dar ni kama wameyakariri darasa moja: "Chukua hii kaka, unacheza gemu, unaangalia muvi, unaangalia tivi, king'amuzi tupa kule." Nimeambiwa hivyo kwenye duka moja Kariakoo (jina naliacha, sitaki uzi ufutwe), nikatoa hela ndefu nikabeba PlayStation 5, mashine ya magemu ya Sony, na tangu hapo familia yangu nzima imegeuzwa Wamarekani kwa nguvu.

Iko hivi. Mashine haikupi programu ya filamu hata moja mpaka uwe na akaunti, na akaunti inauliza unaishi nchi gani. Ukishusha ile orodha unakutana na Afrika Kusini, Uingereza, Marekani. Tanzania haimo. Kenya nayo haimo. Muuzaji alishanifungulia ya Marekani palepale kaunta, na anwani akabuni, mtaa sijui gani huko Florida. Namuuliza mbona hivyo, ananijibu "wote ndo tunafanya hivi, bro". Kitu ambacho hakukisema ni kwamba nchi ikishaandikwa haibadilishwi tena. Ukitaka nyingine unafungua akaunti mpya, na magemu uliyonunua kwenye ile ya zamani yanabaki hukohuko.

Sasa sikilizeni utaratibu wenyewe ulivyo wa hovyo. Programu unazopewa zinafuata nchi ya akaunti, ila filamu zinafuata nchi ambayo intaneti yako inatokea. Kwa hiyo kwenye duka la programu la akaunti yangu zimejaa programu za tivi za Kimarekani, na kila nikigusa moja inaniambia huduma haipatikani mahali ulipo. Nikitafuta za kwetu, za kuangalia chaneli za hapa nyumbani, hazipo, maana kwenye karatasi mimi ni mkazi wa Florida. Huku nafukuzwa kama Mtanzania, kule nafukuzwa kama Mmarekani. Kadi yangu ya benki nayo inakataliwa kwa sababu haikutolewa Marekani, hivyo kila nikitaka kulipia kitu namtafuta kijana wa Instagram aniuzie vocha ya dola kwa bei anayojisikia yeye.

Na hili si la kwangu peke yangu. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wachezaji wa gemu la Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PSN, yaani hii hii ya mtandao wa PlayStation. Gemu likaondolewa sokoni kwenye Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako PSN haina huduma, na sisi tukiwemo. Wachezaji duniani wakawaka, ndani ya siku chache kampuni ikarudi nyuma na ule ulazima ukafutwa. Wale walikuwa wanagombea gemu moja. Sisi tunaoambiwa tuifanye mashine ndiyo tivi ya sebuleni, nani anatugombea?

Najua atakuja mtu hapa aseme "tumia VPN", ile programu ya kuficha nchi uliyopo. Mkuu, nalipa umeme, nalipa bando, nalipa filamu, halafu niongeze na ada ya kujificha ili niangalie nilichokilipia? Na hizo kampuni za filamu nazo zinazisaka VPN kila siku. Leo inapita, kesho uko sebuleni na wageni unasomewa ujumbe wa kukataliwa.

Nisidhulumu pia: Netflix inafunguka vizuri na picha ni safi. Wao waliingia huku Januari 2016, walipojitandaza nchi 130 kwa mpigo, na angalau wanajua tupo. Lakini muuzaji hakusema "utapata Netflix". Alisema king'amuzi tupa kule! Mpira je? Haki za Ligi Kuu yetu ziko Azam, za Uingereza ziko SuperSport. Jumamosi watu wamejaa ndani, nawawekea nini, katuni?

Halafu kuna bando. Netflix wenyewe wanaandika kwamba picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi GB 7. Kwenye simu kuna sehemu ya kubana matumizi iko wazi kabisa. Kwenye mashine unaitafuta huioni. Mpaka uingie kwenye akaunti yako kupitia kivinjari, ufungue wasifu, ubadilishe matumizi ya data. Hakuna muuzaji atakayekuelekeza hilo, na mwenye faiba halimuumi. Ila kwa mwenye kifurushi cha GB 10, muvi mbili ndefu zinatosha kumrudisha kwenye menyu ya kujiunga.

Umeme ndiyo kabisa. Shirika la mazingira la NRDC la Marekani lilipima mwaka 2014 likakuta PS4 (PlayStation ya kabla ya hii yangu) na Xbox One zinakula umeme mara 30 hadi 45 ya kifaa kidogo cha kuonyesha filamu, kwa filamu ileile. Fanya hesabu mwenyewe: mashine ya wati 70, saa tano kwa siku, mwezi unaondoka na uniti 10 na nusu. Kile kijiti cha kuchomeka nyuma ya tivi chenye wati 3 hakifikishi hata nusu uniti. Kwa wale mlio kwenye LUKU ya bei nafuu yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hizo 10 si za kuchezea. Kama shida yako ni filamu tu, hicho kijiti kinakutosha na hela inabaki. Muuzaji analijua hili vizuri. Na kijiti anacho, kipo kwenye kabati la kioo nyuma yake.

Kilichonimaliza lakini ni flashi. Mdogo wangu kaolewa, video ya send-off imeletwa kwenye flashi, bi mkubwa kaja kutoka Moshi kuiangalia. Nachomeka, mashine inaniambia hifadhi hii ifutwe yote ili iweze kuhifadhia magemu. Ifutwe! Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe wakuu, namshukuru Mungu nilisoma kwanza. Mashine ya bei ile haichezi video ya kwenye flashi, wakati dekki ya elfu sitini inacheza bila maswali. Tukaishia kuiangalia kwenye laptopu ya jirani, watu wanane shingo upande.

Na hapo sijagusa pedi. Bi mkubwa anataka tamthilia yake ya Kituruki, inabidi aandike jina herufi moja moja kwa kusogeza kidole gumba, akikosea moja anaanza kulalamika na mimi. Ukiiweka pedi kwenye kochi, kile kitufe cha nyuma kinabonyea, filamu inaruka mbele dakika nzima. Usipoigusa muda inajizima. Rimoti yake ipo, ila inauzwa kivyake. Kama kawaida.

Ninachotaka ni kidogo. Muuzaji, mtu akifika dukani muulize kwanza kinachompeleka: gemu, muvi au mpira? Kama ni mpira mwambie ukweli abaki na king'amuzi chake. Na kabla hujamfungulia akaunti muulize yeye anataka nchi gani, mweleze na kwamba haibadiliki, usimbunie anwani. Na nyie wenye makampuni mnaopokea dola zetu kupitia vocha za Instagram, iongezeni Tanzania kwenye hiyo orodha. Hela yetu mbona mnaiona?

Kama kuna mtu humu anatumia akaunti ya Afrika Kusini akiwa hapa Bongo, aje aseme anapata programu zipi na kadi zetu zinapita au hazipiti. Wale wa "maskini ameuziwa gemu" nyuzi zenu ziko kule chini.