Naomba ushauri: umeme ukikatika, kisu namba 3 kinapoteza kipimo

Jambo wandugu mafundi. Niko Lubumbashi, na mashine ndogo ya kukereza inayoendeshwa na LinuxCNC (programu ya kompyuta ya kuongoza mashine). Swichi za homu (za kuionyesha mashine mahali pake pa kuanzia) haina, kwa hiyo nikiiwasha, sifuri ni pale itakapojikuta.

Kila kisu nakereza nacho kipande kimoja cha aluminiamu (shaba hapa haikosekani, lakini inanata kwenye kisu), napima kipenyo kwa mikromita bila kusogeza X (mwendo wa kisu kuingia na kutoka kwenye kipande, unaoamua kipenyo), kisha naandika kipimo kwenye jedwali la visu, pale LinuxCNC inapohifadhi vipimo vya kila kisu. Kwa Z (mwendo wa kufuata urefu wa kipande) nagusa uso wa kipande. Hapo namba 1 ya kukereza na namba 3 ya kuchonga mifereji zote zinatoa kipimo sawa.

Shida inaanza umeme ukikatika, na huku mnajua wenyewe. Nikiwasha tena nagusa kwa namba 1 tu na kurekebisha G54 (sifuri ya kazi, inayotumiwa na visu vyote), jedwali siligusi. Namba 1 inarudi vizuri. Namba 3, Z iko sawa, ila kipenyo ndani ya mfereji kinatoka kikubwa kwa milimita 0.3.

Nimeangalia: G7 (amri ya kusoma X kama kipenyo) iko mwanzoni mwa programu, G43 (amri ya kutumia vipimo vya jedwali) inafuata kila M6 (amri ya kubadilisha kisu), kishikio cha visu hakichezi, na ulegevu wa skrubu ya X ni 0.02 tu.

Maswali: bila homu, kurekebisha G54 kwa kisu kimoja kunatosha kweli? Na kama kunatosha, hiyo 0.3 niitafute wapi, upande wa X peke yake?

Aksanti sana.